Wasichana Waliotoweka Hanging Rock

Riwaya ya upelelezi, kwa kawaida yake, ni mkataba baina ya mwandishi na msomaji: mwandishi ana ruhusa ya kuficha, kupotosha na kuchelewesha, ili mradi mwishoni aliyetenda atajwe na namna alivyotenda ielezwe, na msomaji naye hukubali kuzungushwa kwa sababu ana hakika kwamba deni lake litalipwa. Wasomaji wa Kiswahili waliuzoea mkataba huo tangu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kwani mpelelezi huyo, akiwa na mwenzake Najum, hatulii mpaka kila lililofichwa limeanikwa juani. Miaka saba baadaye, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mwandishi wa Australia aitwaye Joan Lindsay alichapisha riwaya iliyouvunja mkataba huo makusudi, akasimulia kutoweka kwa wasichana na mwalimu wao karibu na mji mdogo, akaukusanya ushahidi wote kama inavyotakiwa, kisha akafunga kitabu bila kusema walikwenda wapi. Riwaya hiyo, Picnic at Hanging Rock, yaani mandari ya Hanging Rock, leo ni miongoni mwa vitabu mashuhuri zaidi vya nchi yake, na umashuhuri huo umetokana hasa na deni ambalo halikulipwa.

Hanging Rock ni mlima mdogo ulioko kiasi cha kilomita 70 kaskazini-magharibi mwa jiji la Melbourne, jirani na mji wa Woodend, katika jimbo la Victoria. Wataalamu wa miamba huuita mameloni, yaani kilima kinachoumbika pale ambapo lava nzito, isiyoweza kutiririka mbali, hutoka ardhini na kujirundika juu ya tundu lake lenyewe. Lava hiyo ilipopoa, takriban miaka milioni 6 iliyopita, ilinywea na kupasuka wima, na mvua za miaka mingi zikaipanua mipasuko hiyo mpaka yakabaki majabali yaliyosimama kama nguzo, yenye vichochoro na mapango madogo katikati yake. Kilele chake kiko mita 718 juu ya usawa wa bahari, lakini kutoka uwandani kimeinuka kwa kama mita 105 tu, kwa hiyo mtu mwenye afya hukifikia bila taabu kubwa. Na udogo huo wa mlima ndio unaolifanya fumbo la riwaya kuwa gumu, maana watu wakipotelea jangwani au msitu mnene hakuna anayeshangaa, ilhali kupotea juu ya kilima ambacho kundi la wapekuzi linaweza kukizunguka asubuhi moja ni jambo lisiloingia akilini.

Hadithi yenyewe imewekwa tarehe 14 Februari 1900, Siku ya Wapendanao, ambayo Australia huangukia katikati ya kiangazi. Wanafunzi wa Appleyard College, shule ya bweni ya kubuniwa inayowafundisha mabinti wa matajiri adabu za Kiingereza, wanapelekwa mandarini kwa gari la farasi, wamevaa magauni meupe, glavu na soksi katika joto kali. Saa ya dereva wa gari na ya Bi. Greta McCraw, mwalimu wa hisabati, zinagunduliwa kuwa zimesimama saa sita mchana. Baada ya chakula wasichana wanne, Miranda, Marion, Irma na Edith, wanaomba ruhusa wakautazame mwamba kwa karibu. Watatu wa kwanza wanavua viatu na soksi na kuendelea kupanda kana kwamba wameitwa, huku Edith, mdogo wao, akiwalilia warudi bila wao kuonyesha dalili ya kumsikia. Mwishowe anashuka mbio akipiga mayowe, na asichoweza kukieleza ni kikubwa kuliko anachokieleza. Jioni inapoingia inabainika kwamba Bi. McCraw naye hayupo, na kitu pekee ambacho Edith anakuja kukikumbuka baadaye ni wingu jekundu angani na mwalimu huyo akipanda mlima bila sketi yake, jambo ambalo kwa mwanamke wa heshima wa mwaka 1900 lilikuwa la kutisha karibu sawa na kifo.

Msako unafuata taratibu zote za riwaya ya upelelezi. Konstebo Bumpher wa Woodend anaandika maelezo ya mashahidi, mbwa wa kunusa na mfuata nyayo wanaletwa, waandishi wa magazeti wanamiminika, na Michael Fitzhubert, kijana Mwingereza aliyewaona wasichana wakivuka kijito siku ile, anakwenda mlimani kuwatafuta na kulala huko peke yake mpaka anapookotwa akiwa taabani. Kutokana na juhudi yake, mtunza farasi aitwaye Albert anamkuta Irma akiwa hai ingawa amezimia, takriban wiki moja baada ya kutoweka. Hapa ndipo Lindsay anapoonyesha ustadi wake, kwa kuwa kupatikana kwa Irma, ambako katika riwaya nyingine kungekuwa mwanzo wa ufumbuzi, kunazidisha giza: miguu yake iliyokuwa bila viatu haina hata mchubuko, koseti yake, yaani vazi la ndani la kubana kiuno, haipo, na yeye mwenyewe hakumbuki chochote. Miranda, Marion na Bi. McCraw hawaonekani tena.

Mwandishi wa kawaida angeurudia mlima na kuutafuta mwili. Lindsay anaupa mlima kisogo na kuugeukia mji, na sehemu kubwa ya kitabu inahusu yanayowapata waliobaki, kwa hoja kwamba tukio moja lisiloelezwa huendelea kutanda katika maisha ya watu ambao hata hawakuwapo lilipotokea. Uvumi wa mahoteli na wa jikoni unachukua nafasi ya habari. Bi. Appleyard, mkuu wa shule, mjane kutoka Uingereza ambaye kazi hiyo kwake ni biashara kuliko wito, anahesabu ada atakazozikosa kabla ya kuwahesabu wasichana waliopotea, na wazazi wanapoanza kuwaondoa mabinti zao mmoja baada ya mwingine, heshima yake, iliyokuwa rasilimali yake pekee, inayeyuka pamoja na akiba. Siku Irma anapokuja kuwaaga wenzake katika ukumbi wa mazoezi ya viungo, wasichana wale waliolelewa wasipandishe sauti wanamvamia kwa makelele wakitaka aseme anachokijua. Na tukio hilo, ambalo halina mzimu wala muuaji, ndilo la kutisha kuliko yote katika kitabu, kwa sababu linaonyesha jinsi jamii inavyomgeuzia hasira aliyerudi, kana kwamba kunusurika kwake ni kosa.

Mwathirika mkubwa wa mporomoko huo ni Sara, yatima ambaye hakuruhusiwa kwenda mandarini na ambaye alimpenda Miranda kupita kiasi. Mlezi wake amechelewa kulipa ada, na Bi. Appleyard anaumalizia uchungu wake wote kwa mtoto huyo asiye na mtu wa kumtetea. Siku moja Sara haonekani. Mkuu wa shule anasema mlezi amekuja kumchukua, lakini barua ya mlezi huyo huyo inafika ikitangaza kwamba ndiyo kwanza anajiandaa kuja, na mtunza bustani anaukuta mwili wa msichana huyo katika maua chini ya mnara wa jengo. Kama alijirusha au alisukumwa, riwaya haisemi. Albert, mtunza farasi aliyemwokoa Irma, ni kaka yake Sara aliyetenganishwa naye walipotoka katika nyumba ya yatima, na wawili hao wanaishi maili chache kutoka mmoja kwa mwingine bila kujua, hata kifo kinawakuta hivyo. Msomaji anayekazana kuuliza Miranda alikwenda wapi anaweza asione kwamba kuna binti mwingine aliyetoweka mbele ya macho ya watu wote, ndani ya nyumba yenye walimu na watumishi, na kwamba kwake hakukuletwa mbwa wala waandishi wa habari. Pengine hilo ndilo jambo zito kuliko yote ambalo Lindsay aliliandika, na aliliandika kwa sauti ya chini kiasi kwamba wahakiki wengi walilipita. Bi. Appleyard mwenyewe anaishia kupanda Hanging Rock na kujitupa, na shule inateketea kwa moto wa nyika katika kiangazi kilichofuata, yaani msimu ule ule ambao makoloni ya Australia yaliungana kuwa shirikisho, tarehe 1 Januari 1901.

Riwaya hii imewafanya watu wengi waamini kwamba mambo haya yalitokea kweli, na imani hiyo ilipandwa na mwandishi mwenyewe. Katika dibaji aliwaachia wasomaji waamue kama kisa ni cha kweli au cha kubuni, akiongeza kwamba wahusika wote wamekwisha kufa zamani na kwa hiyo suala hilo halina uzito. Na sura ya mwisho aliiandika kwa mtindo wa habari ya gazeti la mwaka 1913 inayokumbusha tukio la kale. Hata hivyo hakuna kumbukumbu ya polisi wala gazeti la mwaka 1900 inayotaja kutoweka kwa aina hiyo, na kalenda yenyewe inamsaliti, kwani riwaya inasema mandari ilifanyika Jumamosi ilhali tarehe 14 Februari 1900 ilikuwa Jumatano. Mahali tu ndipo pa kweli. Lindsay, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1896, alisoma katika shule ya wasichana ya Clyde, ambayo baadaye ilihamia Woodend, na kabla ya kuwa mwandishi alisomea uchoraji katika chuo cha jumba la sanaa la Victoria, jumba ambalo lina picha ya William Ford ya mwaka 1875 inayowaonyesha watu waliojipamba wakifanya mandari chini ya mwamba huo huo. Aliolewa na mchoraji Daryl Lindsay Siku ya Wapendanao ya mwaka 1922. Suala la saa kusimama halikuwa pambo tu: yeye mwenyewe alidai kwamba saa zilikataa kufanya kazi karibu naye, na kitabu cha kumbukumbu za maisha yake cha mwaka 1962, Time Without Clocks, kinahusu wakati usiopimwa kwa saa.

Lakini hata kama kisa hiki hakikutokea, kina asili yake katika historia. Walowezi wa Kiingereza waliofika Australia katika karne ya 19 waliishi na hofu ya watoto wao kumezwa na nyika, yaani ile ardhi kubwa ya miti na vichaka ambayo kwao haikuwa na njia wala jina, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1864 watoto watatu wa familia ya Duff walipotea magharibi mwa Victoria na kutafutwa kwa siku tisa, mpaka wafuata nyayo Waaborijini, akiwamo Jungunjinanuke, aliyeitwa na wazungu Dick-a-Dick na ambaye mwaka 1868 alikwenda Uingereza na timu ya kriketi, walipozisoma alama ambazo walowezi hawakuziona na kuwapata wakiwa hai. Mwaka 1867 wavulana watatu wa Daylesford, mji usio mbali sana na Hanging Rock, hawakuwa na bahati hiyo, na mabaki yao yaligunduliwa zaidi ya miezi miwili baadaye. Kisa cha akina Duff kiliingizwa katika vitabu vya shule, na mchoraji Frederick McCubbin akaitia hofu hiyo kwenye turubai mwaka 1886 katika picha yake Lost, inayomwonyesha msichana mdogo akilia peke yake kati ya miti. Lindsay aliirithi mila hiyo na kuipindua: watoto wa zamani walipotea kwa kutojua njia, ilhali Miranda na wenzake wanavua viatu na kwenda kwa hiari, wala haionekani kwamba wanataka kuokolewa.

Ufumbuzi uliwahi kuandikwa. Mswada uliofikishwa kwa shirika la uchapishaji la Cheshire la Melbourne ulikuwa na sura 18, na kitabu kilichotoka mwaka 1967 kina sura 17, kwa kuwa mhariri alishauri ya mwisho iondolewe na mwandishi akakubali. Lindsay alifariki mwezi Desemba 1984 baada ya kuagiza kwamba sura hiyo ichapishwe akishakufa, na tarehe 14 Februari 1987 ikatolewa kama kijitabu chembamba. Wasomaji waliosubiri miaka 20 kumjua mtekaji au muuaji walikutana na kitu kingine kabisa: wasichana wanatupa koseti zao kutoka jabalini nazo zinasimama angani bila kuanguka, maana wakati umekoma, mwanamke anayefanana na Bi. McCraw anajigeuza kiumbe chenye umbo la mnyama na kupenya katika tundu lililofunguka, Marion na Miranda wanamfuata, na kabla ya zamu ya Irma jabali linaporomoka na kuliziba, naye anabaki akilipiga kwa ngumi. Sura hiyo inaeleza koseti iliyokosekana na sababu ya Irma kubaki, hivyo haiwezi kusemwa kwamba haihusiani na zilizotangulia. Inachokosa ni uzito. Nguvu za ajabu zilizokuwa zikihisiwa katika sura 17 bila kutajwa zinageuka kuwa mazingaombwe yanayoonekana, na kilichotisha kinakaribia kuchekesha. Mhariri aliyeshauri iondolewe alikiokoa kitabu. Kabla hata ya sura hiyo kutoka, Yvonne Rousseau alikuwa amechapisha, mwaka 1980, kitabu kizima cha nadharia zinazoshindana kuhusu fumbo hilo, na kwa burudani nadharia zake zinaishinda kauli ya mwenye riwaya.

Filamu ndiyo iliyoipeleka hadithi hii duniani. Peter Weir aliiongoza mwaka 1975, akaliacha fumbo bila jibu kama lilivyo kitabuni, na mpiga picha wake Russell Boyd akatandaza kitambaa cha shela ya bibi harusi mbele ya lenzi ili mwanga uonekane wa ndotoni. Tamthilia ya televisheni ya mwaka 2018, ambamo Natalie Dormer aliigiza kama Bi. Appleyard, ilitafuta siri nyingi zaidi katika maisha ya wahusika, na kwa kufanya hivyo ikapunguza ile moja iliyokuwa ikitosha. Tangu filamu ya Weir, wageni wa Hanging Rock wamekuwa wakilipaza jina la Miranda katikati ya majabali, mzaha ambao umekuwa desturi.

Desturi hiyo ndiyo iliyoamsha lawama kubwa zaidi dhidi ya riwaya. Mwaka 2017 msanii Amy Spiers alianzisha kampeni aliyoiita Miranda Must Go, akitaka hadithi ya Miranda iache kutawala mahali hapo, kwa hoja kwamba Australia imezoea kuwalilia wasichana wazungu wa kubuni juu ya ardhi ambayo watu halisi waliondolewa. Mwamba huo uko pale mipaka ya jamii tatu inapokutana, Dja Dja Wurrung, Taungurung na Wurundjeri Woi Wurrung, nao una jina la wenyeji, Ngannelong. Katika muda wa miongo mitatu tangu walowezi waanze kumiminika Victoria katika miaka ya 1830, maradhi, mauaji na kuporwa ardhi viliwapunguza watu hao kwa kiasi kikubwa, na wengi wa waliosalia walihamishiwa katika makazi maalumu kama Coranderrk, yaliyoanzishwa mwaka 1863. Riwayani Mwaborijini anatokea kwa kupita tu, akiwa mfuata nyayo asiye na jina anayeletwa, anayeshindwa na kuondoka, tofauti kabisa na akina Jungunjinanuke waliofaulu katika historia. Haiwezekani kumdai mwandishi wa mwaka 1967 aandike kwa fikra za leo, na ni kweli pia kwamba kitabu chake kinawadhihaki wageni wanaojifunga glavu na koseti mbele ya ardhi iliyowazidi umri kwa mamilioni ya miaka. Lakini lawama hiyo ina haki, kwa sababu ukimya wa riwaya kuhusu wenyeji haukukusudiwa kuwa fumbo, ulikuwa ni usahaulifu tu, na msomaji makini anapaswa kuzitofautisha aina hizo mbili za ukimya.

Msomaji anayetaka kuisoma riwaya hii aianze na zile sura 17 zilizochapishwa mwaka 1967, amfuatilie Sara kwa makini kama anavyomfuatilia Miranda, na hiyo sura ya 18 aiache mpaka atakapokuwa amekwisha kujiamulia mwenyewe kilichotokea.